Unga Mlangoni, Shaba Ghalani

Tulikaa Chennai wiki sita, mimi na mama, katika mtaa wa vyumba vya kupanga wanavyofikia wagonjwa na jamaa zao. Watu wengi wa kwetu wanaijua India kwa njia hiyo: hospitali, duka la dawa, chumba, kisha hospitali tena. Mama hakuwa akipata usingizi, nami nikazoea kukaa nje kabla ya alfajiri. Ndipo nikamwona Amma. Jina lake hasa sikulijua. Mtaa mzima ulimwita Amma, nasi tukamwita hivyo.

Kazi yake ilikuwa kufagia na kuosha vyombo katika nyumba nne. Alifika gizani na ndoo, akamwagia maji mbele ya mlango, akafagia, kisha akainama bila kukunja magoti na kuanza kudondosha unga wa mchele kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwanza nukta, safu kwa safu. Halafu mstari mmoja mweupe ukazizunguka nukta zote pasipo kugusa hata moja, ukarudi pale ulipoanzia. Hakufuta popote. Hiyo ndiyo kolam. Katika jimbo la Tamil Nadu wanawake huichora mlangoni asubuhi kwa asubuhi, wenye nacho na wasio nacho, isipokuwa nyumba iliyofiwa. Kufikia saa nne sisimizi wanausomba unga, ndege wamedonoa, pikipiki zimepita juu yake. Ndivyo inavyotakiwa iwe, kwa maana unga ule ni sadaka kwa viumbe wadogo. Siku hizi wengi hutumia unga wa mawe, na sisimizi hawaambulii kitu. Amma alitumia mchele, yeye ambaye mchele ulikuwa mshahara wake.

Picha za India zinazotufikia ni za aina mbili. Ama mtoto wa mtaa wa mabanda aliyenyoosha mkono, ama mnara wa hekalu wenye rangi zote. Kana kwamba umaskini unakaa nyumba hii na sanaa nyumba ile, wala hawajuani. Mimi nasema mchoraji hodari kuliko wote niliowaona kule alikuwa mfagizi wa nyumba za watu.

Na hayuko peke yake. Mpakani mwa vijiji vya upande wa Pudukkottai wamesimama farasi wa udongo, wengine warefu kuliko mtu, wametolewa nadhiri kwa Ayyanar, mlinzi wa kijiji. Wanaowafinyanga ni wafinyanzi walewale wa vyungu, na mara nyingi mfinyanzi ndiye kuhani wa mahali hapo. Mvua inawalainisha, miguu inavunjika, na hakuna anayewakarabati. Mwaka ukifika wanafinyangwa wapya, wazee wanaachwa warudi udongoni.

Siku daktari alipoturuhusu tulipanda treni kwenda Thanjavur. Hekalu la Brihadisvara, lililokamilishwa mwaka 1010 na mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa kifalme wa Chola, ni la mawe matupu, na mama alikaa chini kulitazama kwa muda mrefu. Kilichonishika mimi ni maandishi ya ukutani. Mfalme aliandikisha sanamu na vito alivyotoa, sawa, lakini pia wanawake 400 wa kucheza ngoma za ibada, kila mmoja kwa jina lake na nyumba aliyopewa. Wamo wapiga ngoma, washonaji, vinyozi, madobi, na mafungu yao ya mpunga. Miaka elfu imepita na dobi bado yumo ukutani.

Sanamu za shaba za mtindo wa Chola hutengenezwa hadi leo katika mji wa Swamimalai, kwa njia ileile. Fundi anachonga umbo kwa nta, analifunika kwa udongo laini wa mto Kaveri, anachoma, nta inayeyuka na kutoka, metali inamiminwa mahali pake. Kisha udongo unavunjwa, kwa hiyo hakuna sanamu mbili zilizo sawa. Ikishafika hekaluni huogeshwa kwa maziwa, huvikwa kitambaa na maua, na siku ya sikukuu hubebwa mabegani kuzungushwa mitaani ili hata asiyeweza kufika aonwe na mungu wake. Mnaoiona uchi ndani ya kioo cha makumbusho, hamjaiona.

Mwaka 1976 kibarua mmoja wa kijiji cha Pathur alikuwa akichimba karibu na kibanda chake, akagonga sanamu ya mungu Shiva akicheza ngoma, ile iitwayo Nataraja. Aliiuza kwa fedha kidogo. Sanamu ikafika London, ikanunuliwa na kampuni ya Kanada, na kesi ikaenda hadi mahakama ya rufani. Mwaka 1991 sanamu ilirudi India, baada ya hekalu lenyewe, lililokuwa magofu, kutambuliwa kuwa na haki ya kudai mali yake. Nataraja mwingine, wa kijiji cha Sripuranthan, naye aliibwa kwenye hekalu lililokuwa limefungwa, akauzwa kwa jumba la sanaa la taifa la Australia mwaka 2008 kwa dola milioni 5 hivi, akarudishwa 2014. Simlaumu kibarua wa Pathur. Namlaumu aliyejua bei na akanyamaza.

Wamijikenda wa pwani ya Kenya wanaujua uchungu huu. Kigango, nguzo ya mti iliyochongwa, hukisimamishia marehemu wako, hukihamishi. Viwili vilivyoibwa vilirudi Kenya kutoka Marekani mwaka 2007.

Lakini kurudi nchini si kurudi nyumbani. Nataraja wa Pathur alipelekwa Thiruvarur, kwenye ghala la ulinzi lenye maelfu ya sanamu za vijiji. Wakubwa wanasema kijijini hakuna usalama, na ni kweli wezi wapo. Basi kijengwe chumba imara kijijini, aajiriwe mlinzi, na kijana wa hapohapo alipwe kama walivyolipwa wale wa ukutani Thanjavur. Anayeweza kulipia mawakili London anaweza kulipia kufuli Pathur.

Asubuhi tuliyoondoka, Amma alikuwa amemaliza nyumba ya pili. Mama aliomba teksi isimame mbele kidogo, tukatembea kwa miguu pembeni ya mchoro, tukiburuta masanduku.