Viatu Vyangu Viko Wapi?

Upepo wa Dodoma nimeuzoea. Vumbi la mwezi wa nane nalo nimelizoea. Linaingia kwenye lenzi, linaingia kwenye chai, maisha yanaendelea. Maji yakikatika najaza madumu, umeme ukikatika naenda kupiga soga kwa kinyozi. Kitu kimoja tu kimenishinda katika mji huu: mteja anapokea picha yake, anaitazama, anaigeuza nyuma kuona kama kuna kilichobaki huko, halafu ananiuliza, "Viatu vyangu viko wapi?"

Mimi ni mpiga picha. Studio yangu ipo Majengo, si mbali na soko. Nina kitambaa cha bluu, nina kitambaa cheupe, na nina pazia lililochorwa maporomoko ya maji na bustani ya maua, mandhari ambayo kwa huku kwetu utazunguka mpaka Chamwino hujaiona. Waliotutangulia kwenye kazi hii walituachia swali moja tu la kumuuliza mteja: fulu au hafu? Fulu inaanza utosini inaishia kwenye soli. Hafu inaishia kiunoni. Ukitoka hapo ukaanza kumsogelea mtu usoni, umeingia kwenye siasa.

Alikuja mama mmoja kutoka Hombolo na binti yake, siku ya kipaimara. Mtoto gauni jeupe, soksi nyeupe, viatu vyeupe, nywele zimesukwa vizuri. Mwanga wa dirishani ukamlalia shavuni, nikaona hapa leo napiga picha ya maana. Nikasogea. Nikaikata kifuani, macho nikayaweka juu ya katikati kidogo, pale panapovuta jicho la mtazamaji. Picha ikatoka, mimi mwenyewe nikajipongeza kimoyomoyo. Mama akaishika kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, mbona dada yako umemzika mpaka kifuani?"

"Mama, hebu tazama macho yake."

"Macho kazaliwa nayo. Viatu nimekopa kikoba."

Utajibu nini hapo? Hoja hiyo hata ingepelekwa bungeni pale barabarani asingesimama mtu kuipinga. Nikampiga mtoto upya, fulu, maporomoko nyuma, miguu sambamba, mikono imenyooka utadhani yuko paredi. Mama akafurahi, akalipa, akanipa na karanga.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba historia nayo iko upande wake. Kule Paris, mwaka 1854, bwana mmoja anaitwa Disdéri alisajili njia ya kupata picha ndogo kadhaa kwenye kioo kimoja, kila moja ukubwa wa kadi ya kuachia watu jina lako. Bei ikashuka, watu wakamiminika. Walipigwaje? Wima, mzima mzima, nguzo pembeni, pazia nyuma, viatu vimepakwa rangi. Uso ulitoka mdogo ajabu, lakini koti lilionekana, na aliyelipia koti alitaka lionekane. Kwa hiyo Wafaransa wenye pesa zao walikuwa na mawazo ya Hombolo miaka mia na sabini iliyopita, na mimi nimekaa Majengo nabishana na ulimwengu.

Hafu nayo ina kesi yake. Bibi mmoja nilimwambia, bibi, wewe una uso mzuri, wenye habari nyingi, nikupige hafu. Akaniangalia kwa muda mrefu. "Mjukuu wangu, hiyo si ndiyo ya kuweka mbele ya jeneza? Mimi bado nipo." Akataka fulu, na kuku wake aingie. Kuku aliingia.

Sasa sikiliza kinachofuata watu wakiishi fulu maisha yao yote. Siku msiba ukitokea, saa nne usiku simu inalia: tunataka picha ya marehemu, kubwa, ya uso, kesho asubuhi. Mna picha gani? Wanakuletea picha ya harusi ya ukoo, watu wamejaa, marehemu yuko mstari wa nyuma, uso wake hauzidi ukucha wa kidole kidogo. Nakata, nakuza, uso unageuka viraka viraka. Pembeni limebaki bega la mtu na kipande cha kilemba cha mama fulani. Nafuta bega, kilemba hakifutiki vizuri, namvalisha marehemu suti kwa kompyuta, suti ambayo hajawahi kuivaa. Kesho yake nasikia watu kwenye turubai wananong'ona, "Hivi huyu ndiye?" Lawama kwa nani? Kwa mimi. Hakuna anayemlaumu mtu aliyekataa kusogelewa uso miaka ishirini.

Vijana ndio wamepitiliza upande wa pili. Mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anashuka kule mlimani na simu mkononi, ananionyesha picha ya msanii iliyokatwa mpaka paji la uso halipo. "Bro, nikate hivi." Namkata hivi. Inapendeza, sitaki kudanganya, mimi mwenyewe napenda picha ya karibu. Na ukishaamua kukata kichwa, kata nywele, usikate kidevu, maana mtu asiye na kidevu anaonekana anazama. Kijana kaituma nyumbani Kondoa. Jioni mama yake kanipigia: nani kamkata mwanangu kichwa, na kwa nini kijana mzima analipia picha nusu? Nikamwambia, mama shikamoo, ndiyo mtindo. Akasema mtindo huo nimfanyie mtoto wangu.

Kukata kuna adabu yake, wengi hawaijui. Hukati kwenye goti, unakata katikati ya paja. Hukati kwenye kiwiko wala kifundo cha mkono, kwa sababu ukikata kwenye maungio, jicho linashindwa kuamini kwamba sehemu iliyobaki ipo, linaona kilema. Vidole ukiviingiza viingie vyote, ukiviacha viache vyote. Haya nayasema kila siku kwa watu wenye simu wanaopiga shemeji zao Nyerere Square na kuwakata kwenye vifundo vya miguu kisawasawa, kama waliofuata mstari. Hao hawalalamikiwi na mtu. Tena wanasifiwa, simu yako ina kamera kali!

Haya, kuna suala la kumweka mtu pembeni. Mwaka 1797 Mwingereza mmoja, John Thomas Smith, akiandika habari za kuchora mandhari ya shambani, alipendekeza picha igawanywe theluthi badala ya nusu kwa nusu. Mpaka leo simu yako ukiiwashia ile mistari ya kamera, ni mgawanyo huo huo. Basi nami nikampiga kaka mmoja wa Chang'ombe, nikamweka theluthi ya kulia, anatazama kushoto, mbele yake nikamwachia nafasi apumue. Picha safi. Siku ya pili kaja mke wake, kaiweka mezani, kidole juu ya ile nafasi.

"Kaka yangu, mimi sitagombana na wewe. Niambie ukweli tu. Hapa umemfuta nani?"

"Shemeji, hapo hapakuwa na mtu."

"Kwa hiyo mume wangu alisogea mpaka ukutani ampishe nani? Upepo?"

Nitamwelezaje shemeji habari za Mwingereza wa 1797? Nilimwonyesha picha zote za siku ile kwenye kamera, moja baada ya nyingine, mpaka akaridhika, na bado aliondoka anageuka nyuma. Tangu siku hiyo mume wa mtu nampiga katikati. Theluthi nawaachia wasiooa.

Nina mwenzangu, kijana wa kutembea na kamera shingoni, yeye kaja na dini mpya kabisa: picha haikatwi. Ukishabonyeza, basi, kilichoingia kimeingia. Ukikata baadaye wewe ni mwongo, ulikuwa hujui unapiga nini. Anamtaja mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson kama mtu anayemtaja babu yake, kwamba mzee huyo hakutaka picha zake ziguswe, na alichapisha na ukingo mweusi wa filamu ili watu waone kwamba haikupunguzwa kitu. Ni kweli. Lakini ile picha yake inayosifiwa kuliko zote, ya mwaka 1932, ya mtu anaruka dimbwi la maji nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, aliikata mwenyewe. Alipigia kwenye upenyo wa uzio, lenzi ikazibwa upande, angefanyaje? Nilimwambia hivyo mwenzangu. Akanyamaza, akaagiza soda, akasema hiyo ilikuwa dharura. Mimi kila mteja wangu ni dharura.

Simu nazo zimemaliza undugu. Ukoo umekutana Pasaka, watu wamejipanga, picha imelala vizuri, kila mtu ndani. Admini wa kundi la ukoo anaiweka iwe sura ya kundi WhatsApp, na WhatsApp hawajui shangazi, wanajua duara. Duara limewachukua watu wanne wa katikati, shangazi mkubwa kabaki nusu sikio. Anapiga kwa nani? Kwa admini? Hapana, kwa mpiga picha! Mwingine anaitaka picha hiyo hiyo iliyolala aiweke status, isimame wima ijaze kioo, na watu wote wabaki. Namwambia haiwezekani, upana ukiubana watu wanakonda. Anasema wakonde.

Mahali pekee nilipodhani nitapumzika ni pasipoti, maana kule kuna sheria, hakuna "mimi napenda hivi". Visa ya Marekani ni milimita 51 kwa 51, nyuma peupe, kichwa toka kidevuni hadi utosini kisipungue milimita 25 wala kisizidi 35. Wa Ulaya wanataka 35 kwa 45. Unapima na rula, unakata, mteja ananyamaza. Mpaka alipokuja mzee wa Bahi anayekwenda kumtembelea mwanawe nje. Nikampiga, nikakata kwa vipimo, nikamkabidhi. Akaivuta karibu na macho, akaipeleka mbali.

"Fimbo haikuingia."

"Mzee wangu, ubalozi hawataki fimbo. Wanataka uso."

"Sasa watajuaje mimi ni nani?"

Nikampiga nyingine, fulu na fimbo, bure, akaichanganya na makaratasi yake. Visa alipata. Mpaka leo anaamini ni fimbo.

Lakini bingwa wa wote ni bosi mmoja wa Mtumba, kule kwenye ofisi za Serikali. Alikuja na picha ya kwenye hafla, yeye na mwenzake wa ofisi moja wamesimama bega kwa bega, mkono wa mwenzake umemkumbatia begani. "Huyu simtaki humu," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye kuna kikao kimeharibika. Nikamwambia bosi, kumtoa mtu si kazi. Unaiona hiyo sura ya Che Guevara kwenye madigadi za bodaboda pale Jamatini? Mpiga picha Mkuba, Alberto Korda, aliipiga Havana tarehe 5 Machi 1960, na kwenye filamu upande mmoja kuna mtu mwingine kabisa na upande wa pili kuna majani ya mti. Vyote vikakatwa, akabaki Che na nyota yake, dunia nzima ikamjua. Bosi mfano huo ulimwingia sana. Akakaa sawa kwenye kiti.

Tatizo lilikuwa mkono. Mwenye mkono nilimkata, mkono ukabaki begani kwa bosi, vidole vinne na pete. Nikauziba na kola ya koti kadiri nilivyoweza. Picha ikaenda ofisini, ikatundikwa.

Haikupita muda mkeka ukatoka. Uteuzi. Jina la aliyekatwa limo, tena juu, na bosi wangu sasa anaripoti kwake. Kesho yake kabla sijafagia, gari lipo mlangoni. Bosi kashuka mwenyewe, hakutuma dereva.

"Kijana, ile picha ya mwanzo bado unayo?"

"Ninayo, bosi. Mimi sifuti kitu."

"Mungu akubariki. Mrudishe." Akatazama mlangoni, akainamia meza yangu. "Na kwenye kukata safari hii, mwache yeye katikati. Mimi nisogeze pembeni kidogo. Hata bega likikatika, siyo mbaya."