Biashara ya Rolex

Mama yangu hasemi uongo, ila aibu anayo. Kaka yangu ni mhasibu Kampala, ofisini ana kiyoyozi. Mimi nakaanga rolex, chapati ya kukunjwa na mayai, hapa Busia, karibu na malori yanayopanga foleni kuvuka kwenda Kenya. Tangu shule ya msingi nimesikia "mwangalie mwenzako" kuliko nilivyosikia jina langu.

Wakwe wa kaka wakaja kutoka Dar es Salaam kutusalimia. Mama akamwaga sifa za kaka mpaka chai ikapoa. Zamu yangu ilipofika, akakohoa.

"Na huyu yuko kwenye biashara ya rolex."

Mzee mkwe akanitazama upya, akasogeza kiti.

"Kijana, moja unauzaje?"

"Elfu mbili na mia tano, mzee."

Akaguna kwa heshima. Kumbe anahesabu dola.

"Za dhahabu zipo?"

"Inategemea mayai. Ya kienyeji ndiyo yanatoa rangi hiyo."

Akanyamaza kidogo. Nadhani alifikiri ni mafumbo ya watu wa magendo. Mpakani hapa, usimlaumu.

"Maji haiingizi?"

"Maji ni ya kukandia unga tu. Ya vuguvugu."

"Na inadumu miaka mingapi?"

"Miaka! Mzee, ya asubuhi ukiila jioni tumbo litakusema."

Kaka akapaliwa na chai. Mama akakumbuka kitu jikoni.

Nikaona maneno hayatoshi, nikampeleka kibandani. Nikapiga mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki pamoja na kitunguu, nyanya na kabeji, nikamwaga kwenye kikaango, chapati juu yake, nikageuza, nikakunja, nikafunga kwa gazeti. Kugeuka nimkabidhi, namkuta mzee amekunja mkono wa kushoto wa shati mpaka kwenye kiwiko, amevua na saa yake kuukuu, anasubiri kuvalishwa.

Tulitazamana. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

Alikula mbili, mafuta yakamchuruzika mpaka pale saa inapokaa. Ya tatu akamfungia mkewe. Jioni hiyo trei mbili, mayai sitini, ziliisha kabla jua halijazama. Siku kama hiyo mimi ndiye tajiri wa Busia. Kaka yeye hungoja mwisho wa mwezi.

Usiku akaja kibandani peke yake, tai ameitia mfukoni.

"Mdogo wangu, niwekee ya mayai matatu. Kabeji usitie."

"Elfu tatu."

"Hata mimi?"

Nikamnyooshea mkono. Mayai nanunua.