Walipokata simu hawakuwa wakizungumza

"Maadui wamekata simu." Sentensi hii nimeitunga mwenyewe, lakini msomaji wa habari za vita vya 1914 hadi 1918 huku Afrika Mashariki angeielewa papo hapo: watu wamepita porini usiku, wamekata waya, na kambi ya mbele haipati tena habari. Mpe kijana wa leo sentensi hiyohiyo, atakuuliza kwani walikuwa wanaongea na nani.

Asili ya neno simu ni Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Kebo ya baharini ilifika Unguja mwaka 1879, na kwa muda mrefu baada ya hapo simu ilikuwa kwanza kabisa telegramu, yaani ujumbe wa maandishi uliopelekwa kwa waya. Simu ya kuzungumzia ilipokuja ndiyo iliyohitaji kuongezewa maneno, ikaitwa simu ya mdomo. Baadaye mambo yakageuka: telegramu ikawa ndiyo ya kufafanuliwa, ikaitwa simu ya maandishi. Anayefungua Kiongozi, gazeti lililoanza Tanga mwaka 1904, au Mambo Leo la Dar es Salaam, lililoanza 1923, anaingia katika Kiswahili cha wakati huo, si cha kwake.

Je, anayenukuu habari za zamani aliache neno lilivyo, au aandike "telegramu"?

Wanaotaka liachwe wana hoja nzuri, tena wana silaha ambayo mara nyingi hatuitazami: vitenzi. Simu ya zamani hufika, huletwa, husomwa, hujibiwa kesho yake. Hakuna anayeletewa mazungumzo nyumbani na tarishi. Msomaji makini, wanasema, atang'amua mwenyewe, na maelezo kila mstari wa pili yanachosha. Kuna pia kipindi cha katikati, telegramu na simu ya mdomo zilipotumika pamoja. Ukikuta "alipigiwa simu" katika habari ya miaka ya 1950, mara nyingi huwezi kujua ni ipi. Mhariri anayeandika "telegramu" hapo anakisia, halafu anaukabidhi ukisio wake kama ushahidi. Hoja hii siwezi kuipinga.

Ila hii ya vitenzi haina nguvu tena kama zamani. Leo simu inasomwa! Ujumbe unafika, unasomwa, unajibiwa kesho kama mtu hana haraka nawe. Kwa hiyo "aliisoma simu akanyamaza" haimshtui mtu. Inapita laini kabisa, na msomaji anabaki na picha ya bwana wa 1925 akiinamia kioo, au angalau ameshika mkonga sikioni. Kosa lisilojionyesha ni baya kuliko neno gumu. Neno gumu angalau humpeleka mtu kwenye kamusi.

Na si suala la picha tu. Chukua "Gavana alipigiwa simu asubuhi." Ikiwa ni mazungumzo, yaliyosemwa yamekwenda na upepo, tunabaki na kumbukumbu za waliosikia. Ikiwa ni telegramu, kuna maneno yaliyoandikwa, yakalipiwa neno kwa neno, yakapita mikononi mwa karani wa kupeleka na karani wa kupokea. Huenda karatasi yake bado imo kwenye jalada fulani. Mtafiti aliyedhani ni mazungumzo hatalitafuta jalada hilo. Hata ufupi wa habari za ng'ambo katika magazeti yale, mistari miwili kwa tukio zima, unasomeka vingine ukikumbuka kwamba kila neno la telegramu lilikuwa na bei yake. Tusimlaumu mwandishi kwa uvivu kabla ya kufikiria gharama.

Mimi nisingeligusa neno lenyewe. Kulibadili ni kumnyang'anya mwandishi wa zamani Kiswahili chake, na "kupiga simu" kuna utamu wake: karani alikuwa akigonga kweli, nukta na kistari, kwa kidole. Kitenzi hicho tumekirithi sisi tusiogonga chochote. Ningeweka maelezo mara moja, simu inapotajwa kwanza, na pale pa utata ningekiri utata. Kwa sentensi yangu ya vita, neno moja tu kwenye mabano lingetosha: waya.