Mwalimu wa Kijerumani Akikudharau, Usinyamaze

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji na ajira jijini Berlin, tarehe 13 Septemba 2024, simu yangu hailali. Mabinamu, majirani wa zamani pale Umoja, watu niliosoma nao sekondari, hata akina dada wa kanisani ambao tulikuwa tumepotezana, wote wanauliza mambo yaleyale: A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, ni pesa ngapi, B2, ngazi ya nne, inachukua muda gani, viza inatoka lini. Ni maswali ya maana na ninajibu ninachokijua. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu walimu wa huku Ujerumani. Mkenya akishaambiwa huyu ni mwalimu, anampa heshima kwanza, mengine baadaye. Naandika kwa sababu nimeona heshima hiyo ikikanyagwa, na sitaki mtu wetu aje amefumba macho.

Mimi nilikuja kuungana na mume wangu. Cheti cha A1 nilikipata Nairobi, maana bila hicho wengi wetu hatupewi viza ya ndoa, na nilipofika, ofisi ya wageni ikaniagiza niende kozi ya utangamano. Kozi hizi zilianza mwaka 2005, na serikali ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama. Kwa kawaida ni saa 600 za lugha, kisha saa 100 za historia, sheria na maisha ya Ujerumani, na saa moja ya darasani ni dakika 45. Mwisho kuna mtihani wa lugha, na mwingine wa maswali 33 ambao ukipata 15 umepita. Mwalimu haruhusiwi kufundisha kozi hii bila idhini ya BAMF, idara ya serikali kuu inayoshughulikia uhamiaji na wakimbizi. Kwenye karatasi, kila kitu kimepangwa.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu. Kipindi kilianza saa mbili u nusu asubuhi. Yeye aliingia saa tatu kasorobo, akatoka tena kutafuta kahawa, akarudi na kuanza kutusimulia ugomvi wake na mwenye nyumba. Darasani tulikuwa watu wa Syria, Afghanistan, Ukraine, Eritrea, na mimi. Wengi hatukuelewa hata nusu ya kisa chenyewe. Baada ya mapumziko aliwasha filamu, bila karatasi ya maswali, bila kuisimamisha aeleze neno hata moja, akaenda nje kuongea na simu. Adhuhuri tukatia saini kwamba tumesoma vipindi vyote. Ungesema ni siku mbaya, kila mtu huwa nayo. La, hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake.

Uvivu huo peke yake pengine nisingeuandikia. Dharau ndiyo iliyonichoma. Kulikuwa na mama mmoja wa Eritrea, mtu wa umri wa kuitwa bibi, ambaye hakuwa amekaa darasani tangu utotoni. Kila aliposoma sentensi, mwalimu aliyarudia matamshi yake kwa sauti ya kumwiga, huku akiwatazama vijana wa nyuma wapate kucheka. Nao walicheka. Baada ya muda yule mama aliacha kabisa kusoma kwa sauti. Zamu yake ikifika, anainamisha kichwa na kupitisha kitabu kwa jirani. Sasa niambieni, mtihani una sehemu ya kuzungumza. Atafaulu vipi mtu aliyefundishwa kuuogopa mdomo wake mwenyewe?

Kwangu mimi ilikuja kwa njia ya maswali. Siku tuliyojifunza majina ya vyombo vya nyumbani, aliniuliza mbele ya wote kama mashine ya kufua nguo niliiona kwa mara ya kwanza Ujerumani. Siku ya somo la usafiri, akataka kujua kama Nairobi kuna barabara. Nikamwambia tunayo hata ya juu kwa juu, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na imekuwa ikitumika tangu 2022. Akajibu, "Ndiyo, Wachina waliwajengea," akageukia ubao. Nikaelewa kwamba hakuwa anauliza ili ajue.

Kinachowafunga watu midomo ni orodha ya mahudhurio. Anayepokea msaada wa Jobcenter, ofisi ya serikali inayotoa posho kwa wasio na kazi, anaweza kukatwa pesa akikosa darasa bila sababu. Aliyeagizwa kozi na ofisi ya wageni anajua kwamba kutohudhuria kunaweza kumletea shida kwenye kibali chake cha kuishi. Walimu wanayajua haya vizuri. Nilisikia kwa masikio yangu kijana wa Afghanistan akiuliza kwa adabu kwa nini hatujafikia sura iliyopangwa kwenye kitabu, akajibiwa kwamba akiendelea kusumbua ataandikwa kuwa hakuja, halafu akajieleze Jobcenter. Kwangu hili ni kubwa kuliko kuchelewa na kuliko filamu. Ile orodha ni ya kuhesabu watu. Ukiigeuza kuwa kitisho umeacha kufundisha, unatawala. Kijana yule hakuuliza tena swali lolote, hata la sarufi.

Lingine sitalizungusha. Dada mmoja wa kwetu, anayesoma katika mji mwingine, alikuwa akipokea ujumbe wa mwalimu wake usiku, kwa namba iliyochukuliwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Ulianza na kazi ya nyumbani. Ukafuata wa kumwuliza kama mume wake yuko zamu. Kisha akaalikwa masomo ya ziada nyumbani kwa mwalimu. Nilipomsimulia mtu mmoja akasema, aah, hao ni watu wazima wawili. Sikubali na sitakubali. Mtu anayeamua kama jina lako litaandikwa umekuja au hukuja si mwenzako, hata mkiwa rika moja, na mwanamke anayengojea karatasi hawezi kusema hapana kwa urahisi kama unavyodhani.

Nimetafuta sana chanzo cha tabia hizi, kwa sababu sipendi kumhukumu mtu kabla ya kujua anavyoishi. Walimu wengi wa kozi hizi hawajaajiriwa. Wanalipwa kwa saa waliyofundisha, akiugua hapati kitu, kozi ikivunjika anabaki bure. Mwezi Juni 2022 mahakama ya juu ya masuala ya kijamii ya Ujerumani iliamua kesi ya mwalimu wa muziki katika mji wa Herrenberg, ikasema kwamba kwa jinsi shule ilivyompangia kazi, alikuwa mwajiriwa na si mtu wa kujitegemea. Tangu hapo shule za lugha nazo zimelazimika kuitazama upya mikataba yao. Katika hilo niko upande wa walimu moja kwa moja. Lakini mwalimu wetu wa pili alikuwa akilipwa kwa saa vilevile. Mwalimu huyo wa kike alifika kabla yetu. Alijifunza kuyatamka majina yetu kabla ya kututaka tutamke ya miji yao. Ukikosea, aliandika sentensi sahihi ubaoni bila kusema ni ya nani, akakungoja uirudie. Kwake yule mama wa Eritrea alianza tena kusoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Mshahara mdogo unaweza kumchosha mtu, nakubali. Kumwiga bibi kizee mbele ya vijana kunatoka kwingine.

Je, Nairobi ni bora? Sitawapamba wa nyumbani. Goethe-Institut ya pale Maendeleo House si kila mtu anaimudu, kwa hiyo wengi tunaishia kwenye vyumba vya orofani Moi Avenue na Tom Mboya, dirisha wazi, honi za matatu zikishindana na mwalimu. Nimeona huko mtu mwenye cheti cha B1 akifundisha B1. Nimeona mwalimu akitoweka katikati ya muhula kwa sababu viza yake mwenyewe imetoka. Kuna wanaokuahidi B2 kwa miezi michache, ilhali Wajerumani wenyewe wanahesabu vipindi 600, yaani saa kamili 450, kufika B1 tu. Huo ni utapeli na unawala watu walioweka mashamba rehani.

Tofauti niliyoiona ni nani anathubutu kusema. Pale Nairobi mjini, tulipoona hatufundishwi, tulimchagua mwenzetu akaenda kumwona mkurugenzi, na baada ya siku chache tukaletewa mwalimu mwingine. Nadhani sababu ni pesa. Karo ilitoka mifukoni mwetu, kwenye chama, kwenye mkopo wa sako, kwa mzazi aliyeuza ng'ombe kijijini. Tukitoka sote, chumba kinafungwa. Huku mlipaji mkuu ni serikali, na mwanafunzi anatazamwa kama mtu aliyepewa sadaka. Mimi nilikuwa nachangia zaidi ya euro mbili kwa kila saa na bado nilitazamwa hivyohivyo. Kwa walimu wa watoto wetu nyumbani kuna TSC, tume inayosimamia walimu, yenye kanuni za maadili na sajili ambayo mtu anaweza kufutwa. Inakwenda polepole, kila mzazi anajua, lakini mama wa Kayole anajua mlango wa kubisha. Huku mlango upo pia. Tatizo ni kwamba siku ya kujiandikisha tulionyeshwa choo, mashine ya kahawa na mahali pa kuvutia sigara, na hakuna aliyetutajia mahali pa kulalamikia.

Na sisi wenyewe tunakuja tumeshazoezwa kunyamaza. Wangapi kati yetu walivalishwa disk shingoni shule ya msingi kwa kosa la kuongea lugha ya mama? Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini waliosoma miaka ya baadaye watawaambia havikuisha siku hiyo. Kwa hiyo mtu mzima mwenye watoto anachekwa matamshi yake Ujerumani, naye anarudi kuwa mtoto wa darasa la tatu, anatazama chini. Nilipolileta jambo hili kwa Wakenya wenzangu wa hapa, jibu la kwanza lilikuwa: vumilia, chukua cheti, uende zako. Naelewa wanaosema hivyo, wana watu wengi wanaowategemea. Lakini ukienda zako, kiti chako kinakaliwa na mwingine aliyetoka juzi tu JKIA, na mwalimu ni yuleyule.

Sisi tuliandika. Nilianza na daftari: tarehe, saa aliyoingia, maneno aliyoyasema, nani alikuwepo. Kisha barua fupi, Kijerumani cha kawaida, ikatiwa saini na wenzangu waliokuwa tayari. Shule ikatuambia tuwe na subira. Tukapeleka nakala kwa afisa wa BAMF wa eneo letu, maana wapo watu ambao kazi yao ni kuzikagua kozi hizi. Mwalimu aliondolewa darasani kwetu. Kama aliachishwa au alihamishiwa darasa jingine, hatukuambiwa, na hilo linanisumbua mpaka leo.

Kwa hiyo ukiwa huku, omba shule ikupigie muhuri nakala ya barua yako. Dharau ikiwa ni ya rangi au asili yako, ipo sheria ya kutendewa kwa usawa ya mwaka 2006, na miji mingi ina vituo vya ushauri visivyodai malipo. Usichelewe, kwa sababu sheria hiyo inatoa miezi michache tu ya kudai. Ujumbe wa usiku usiufute hata kama unakutia kichefuchefu. Usiende ofisini peke yako, nenda na mtu anayejua lugha kukuzidi.

Na wewe uliye bado Nairobi, kabla ya kutoa karo uliza mwalimu ana cheti cha ngazi gani, na uombe kuketi kipindi kimoja bila malipo. Wakikataa, shuka ngazi ujaribu jengo linalofuata. Ukishaingia darasani, mwambie mwalimu akufundishe mapema kuandika barua ya malalamiko. Iko katika mtihani wa telc B2, na huku utaihitaji hata kabla ya mtihani.