Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Meza

Karibu kila Mnairobi aliyewahi kwenda Unguja ana picha ile ile kwenye simu yake: jiwe limesimama peke yake baharini, juu yake nyumba ndogo ya makuti, na ngazi ya mbao inayoshukia kwenye mchanga au kwenye maji, kutegemea saa aliyopiga. Mahali hapo ni The Rock, mkahawa ulioko Pingwe, kwenye rasi ya Michamvi, kusini-mashariki mwa kisiwa. Nilikuwa nimeiona picha hiyo mara nyingi mno, nikajiona sina haja tena ya kwenda. Mwezi Februari nikaenda pamoja na wifi yangu, na nimerudi na maoni ambayo baadhi ya wenzangu hapa mjini hawatayapenda: wengi wetu tunafika pale saa isiyofaa, tunakaa muda usiotosha, kisha tunarudi Nairobi kubishana kama pweza alistahili bei yake.

Nasi tulikuwa karibu kufanya hivyo hivyo. Wakala mmoja wa safari wa hapa mjini, ambaye sitamtaja, alituhakikishia kwamba saa yoyote ni nzuri mradi tumeweka nafasi ya meza mapema, kwa sababu mkahawa ni mdogo na meza zake ni chache. Kuhusu meza alisema kweli. Kuhusu saa, aliyetuokoa ni mzee mmoja pale tulipofikia Bwejuu, ambaye baada ya kuitikia shikamoo yetu na kusikia tunakokwenda, aliuliza swali moja tu: "Mmeyauliza maji, wanangu?"

Sisi wa bara, tuliolelewa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, tunajua neno bamvua kwa kulisoma. Mtu wa pwani hupanga nalo siku zake. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika kadhaa, ndiyo maana kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na katika siku hizo na zinazofuatia bahari ya Unguja hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Hilo ndilo bamvua. Wiki moja baadaye huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua hadi mita moja hivi, na bahari huonekana kama imechoka. Jambo lililonifurahisha zaidi, na ambalo mzee alilieleza kana kwamba ananielekeza dukani, ni kwamba katika pwani hii bamvua lina saa zake: maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja jioni. Kwa hiyo anayejua tarehe ya mwezi mwandamo hana haja ya jedwali. Sisi tulikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Mzee akatuambia tuingie kwa miguu na tutoke kwa mashua.

Asubuhi ile, kabla ya safari, nilitembea ufukweni Bwejuu maji yakiwa mbali kabisa, na nikapata somo jingine. Nilikuwa natazama simu, nikitafuta pembe nzuri ya picha, mguu wangu ukanasa kwenye kamba iliyofungwa kati ya vigingi viwili vifupi, na vishada vya mwani vikatikisika. Mama aliyekuwa ameinama hatua chache mbele yangu, kanga imepandishwa hadi magotini, aliinua uso akasema kwa upole, "Taratibu mwanangu, hapo ni shambani." Niliona haya. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani hii mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake, ambao kazi yao kubwa hufanyika katika siku hizi za bamvua, kwa sababu ndipo bahari inapowafungulia mashamba. Aina yenye bei nzuri zaidi, ile wanayoiita kotonii, imekuwa ikifa kadiri maji ya kina kifupi yanavyozidi kupata joto. Kwa hiyo maji kupwa yanayompa mgeni nafasi ya kutembea hadi kwenye mkahawa ndiyo saa za kazi za mama yule, na ingekuwa vyema tukijua hivyo kabla ya kuyageuza mashamba yao kuwa mandhari ya picha zetu.

Tulifika Pingwe saa saba kasorobo. Maji yalikuwa yameanza kurudi na yalifika juu kidogo ya vifundo vya miguu, vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi (nisiulizwe kwa nini), nikavivua na kuvishika mkononi. Ukifika chini ya jiwe ndipo unapoliona vizuri: ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, na mawimbi yamelila upande wa chini hadi limekuwa kama uyoga, pana juu na jembamba kiunoni, na kuta zake zina makali yanayoweza kukuchana ukiliegemea bila kuangalia. Zamani lilikuwa kituo cha wavuvi.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Pweza alikuwa laini, nazi haikuzidi, na anayetafuta pweza peke yake anaweza kumpata Mombasa bila kupanda ndege. Tulichokilipia hasa ni zile saa tatu. Tulipoketi, nje ya dirisha palikuwa na mchanga, mawe madogo yenye majani ya bahari, na mtoto akiburuta mtumbwi wa kuchezea. Sahani zilipofika, mawe yalikuwa yamezama. Tulipomaliza, rangi ya maji ilikuwa imebadilika kutoka ile ya udongo hadi kijani, kisha buluu, na njia tuliyokuja nayo haikuwepo tena. Hakuna aliyetuharakisha, na hata angetaka asingeweza, maana mlango wa kutokea ulikuwa umefunikwa na bahari. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nimekaa mezani Nairobi bila kupiga hesabu ya foleni ya Mombasa Road, nikashindwa.

Saa kumi tulishuka ngazi moja kwa moja hadi kwenye mashua. Kijana aliyetuvusha alitumia upondo, nao ulizama zaidi ya nusu mahali pale pale nilipopita nimeshika viatu. Wageni waliofika wakati huo walikaa, wakapiga picha, na wengine wakauliza kama wataliona jua likizama. Hawataliona, Pingwe inatazama mashariki. Jua la kuzama liko ng'ambo ya pili ya rasi, Michamvi Kae, mwendo mfupi kwa gari.

Tangu nirudi, rafiki yangu mmoja mwenye mtaji ananishawishi kwamba Kenya nayo inastahili mkahawa kama huo, na anataja Watamu, ambako kweli kuna majiwe ya matumbawe yenye umbo hilo hilo, unayafikia kwa miguu maji yakipwa. Ninampinga. Majiwe hayo yamo katika hifadhi ya bahari tangu mwaka 1968, na thamani yake ni kwamba hayana kitu juu yake. Diani tayari tuna mkahawa ndani ya pango la matumbawe, ambao ulikubali umbo la mahali badala ya kulilazimisha. Rafiki yangu anasema mimi ni adui wa maendeleo. Huenda. Lakini tulipoanza kuzungumzia nguzo za zege na daraja la kuwavusha wageni saa zote, nilijua kwamba hajaelewa kilichonipeleka Pingwe.

Wifi yangu anataka turudi, safari hii mwezi utakapoandama. Tumetazama jedwali la maji la bandari ya Kilindini, ambalo haliachani sana na la Unguja, tukapata Jumamosi inayofaa. Kaka yangu anakuja nasi, na ameshaambiwa aache viatu vya ngozi nyumbani.