Amboseli ya Kajiado

Ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza ni umbali gani kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson hadi Amboseli, nitakujibu kabla sijafungua macho: maili 84 za baharini. Nimeikariri kama namba ya kitambulisho. Ilinibidi, baada ya aibu iliyonipata angani juu ya ng'ombe wa watu.

Nilikuwa mwanafunzi wa urubani, nimeshafika ile hatua ya kutoka nyumbani, kwenda mbali na kurudi. Mkufunzi wetu tulimwita Kapteni tu, mzee wa maneno machache. Kwake safari ya kwanza ya mbali hupangwa kwa mkono. Tableti marufuku, simu marufuku. Unatumia ramani ya karatasi, penseli, protakta, rula, na lile duara la plastiki la kukokotolea upepo na mafuta, alilolibuni Mmarekani Philip Dalton miaka ya 1930 na ambalo bado linatutoa jasho. "Betri huisha," Kapteni alikuwa akisema, "penseli haiishi." Nilitaka kumkumbusha kwamba penseli nayo huisha, nikakumbuka ni nani anayetia sahihi kitabu changu.

Usiku wa kuamkia safari nilitandaza ramani kitandani kwa kuwa mezani haikuenea. Binamu yangu, tunayeishi naye chumba kimoja huko South C, akaja na chakula.

"Toa sufuria Amboseli," nikamwambia.

"Si ufungue tu Google?"

Nikamhutubia kwa dakika kumi kuhusu usanii wa kupanga safari ya anga. Akala ugali wote nikiwa bado kwenye utangulizi.

Kazi ilianza vizuri, na nasema hivi kwa kujitetea. Nilichora mstari toka Wilson hadi Amboseli, protakta ikanipa nyuzi 162. Kuna nchi ambako hapo lazima usimame uongeze au utoe nyuzi kumi na kitu, maana kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani haziko pamoja. Hapa kwetu tofauti hiyo ni karibu sifuri. Mungu alituonea huruma. Upepo wa futi 7,500 ulikuwa wa mashariki, noti 15. Nikazungusha duara la Dalton mbele na nyuma, likaniambia nielekeze pua ya ndege nyuzi 154, kushoto kidogo, ili upepo ukinisukuma kulia nijikute kwenye mstari. Kasi juu ya ardhi noti 99, yaani maili 99 za baharini kwa saa. Nikaandika 100. Sina ubahili na noti moja.

Ikabaki rula.

Rula ya marubani ni kipande cha plastiki angavu chenye kingo mbili. Ukingo mmoja ni wa ramani za 1:500,000, mwingine ni wa ramani za 1:1,000,000, na vipimo hivyo vimeandikwa pembeni kwa tarakimu za kimo cha siafu. Ramani yangu ilikuwa ya milioni. Mstari wangu ulikuwa na urefu wa sentimita kumi na tano na nusu hivi. Taa ya chumba chetu ni ile ya kumsaidia mtu asikanyage paka, na kwa mwanga ule sifuri tano na sifuri sita ni ndugu. Nikalaza rula, nikasoma 42. Nikaiandika kwa mwandiko ambao mwalimu wangu wa darasa la tatu angelia machozi ya furaha.

Maili 42 kwa noti 100, dakika 25. Nikampigia mama.

"Dakika ishirini na tano hadi Amboseli!" akasema. "Na mimi kwenda Kitengela kwa matatu nakaa saa nzima!" Nikasikia akiwatangazia majirani. Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

Asubuhi nilijaza fomu ya mpango wa safari. Hapa niwape pole Waswahili wote waliowahi kuijaza. Mama amekuambia mwondoke saa mbili, saa ya mkononi inasema nane, na fomu inataka saa ya Zulu, ile ya Greenwich wanayotumia marubani wote, ambayo ni tano. Saa tatu tofauti kwa safari moja, na zote zina haki. Niliandika tano bila kukosea, nikajiona mtu mzima.

Kisha nikamwendea kijana wa mafuta. "Lita 70 jumla zinatosha," nikamwambia. Cessna 172 hunywa kama lita 30 kwa saa, na safari yangu, kwenda na kurudi, haikufika hata saa moja. Sauti ya Kapteni ikatoka nyuma yangu: "Jaza tangi zote mbili, mpaka juu."

Nikabisha. Ndiyo, nilibisha! Nikamweleza mzee aliyeruka kabla sijazaliwa kwamba Wilson iko futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kila lita ya mafuta ni gramu 720 tunazobeba bure. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaiangalia karatasi yangu ya mpango, akaniangalia mimi, akarudi kwenye karatasi. "Jaza," akamwambia kijana.

Tukapaa kwa njia ya kurukia ya 14, mbuga ya Nairobi chini yetu. Alama yangu ya kwanza ilikuwa reli, ile inayotoka Konza kupita Kajiado hadi Magadi. Kwa mpango wangu tungeivuka dakika ya 10. Dakika ya 5 haijaisha, reli hiyo hapo! Nikaitia tiki kwa madaha.

"Tumewahi, Kapteni. Upepo wa nyuma."

"Wa nyuma?"

"Wa nyuma kabisa."

Upepo huo huo usiku nilikuwa nimeuchora ukitoka kushoto, tena ukitukaba kidogo kwa mbele. Na lau ningeuliza duara la Dalton, lingeniambia kwamba maili 17 kwa dakika 5 ni zaidi ya noti 200, kasi ambayo Cessna 172 huifikia tu ikiwa imepakiwa ndani ya ndege nyingine. Nilichokitia tiki kilikuwa daraja la SGR linalokatiza mbugani. Ramani yangu ilichapwa wakati SGR ni ahadi ya kampeni, haikuwa na habari nayo.

Dakika ya 21 tukavuka reli nyingine. Nyembamba, ya zamani, imelala kwenye majani makavu kama nyoka aliyekufa. Kwenye mpango wangu haikuwapo.

"Na hii?" akauliza Kapteni.

"Mpya," nikasema. "Siku hizi serikali inajenga kimya kimya."

Reli hiyo ina zaidi ya miaka mia moja. Kapteni akageuza uso dirishani, nikaona mabega yake yakitikisika. Nikadhani ni mtikisiko wa hewa.

Dakika ya 25 nikatangaza kwamba tumefika. Chini kulikuwa na boma moja, uwanja wa ndege wala kinamasi hakuna, na kundi la ng'ombe na mchungaji wao. Mbele yetu, juu ya mawingu, kilele cha Kilimanjaro kilionekana kidogo kama bakuli la uji lililofunikwa. Nilikuwa nimeona picha za Amboseli tangu utotoni, mlima umejaa ukuta mzima nyuma ya tembo. Nilijua theluji imepungua, lakini mlima mzima?

"Tembo wako wapi?" akauliza Kapteni.

"Jua limewaka, Kapteni. Watakuwa kivulini."

"Kivuli cha nini?"

Sikuwa na jibu, nikaanza kushuka. Uwanja wa Amboseli uko kama futi 3,750, kwa hiyo nilitaka kuuzunguka nikiwa 4,750. Nilishangaa jinsi ng'ombe walivyokuwa wakinenepa upesi. Mchungaji akaweka mkono juu ya macho kututazama. Kapteni akaingiza vidole viwili chini ya usukani, akauinua taratibu.

"Tusishuke zaidi," akasema. "Ardhi ya hapa haijasoma mpango wako."

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikabonyeza redio. Kwa kile Kiingereza cha marubani, ambacho nilikuwa nimekifanyia mazoezi bafuni, nikaujulisha ulimwengu kwamba niko juu kabisa ya uwanja wa Amboseli na naomba kila aliye karibu aniangalie.

Kimya. Halafu ikaja sauti nzito, ya mtu asiye na haraka, na kwa Kiswahili.

"Kijana, mimi nimeegesha hapa Amboseli nangoja watalii. Injini nimezima. Nimetoka nje nimetazama juu. Ndege ninaowaona hapa wote wana manyoya."

Kapteni alicheka mpaka akavua miwani. Alicheka kwa Kiswahili, akacheka kwa Kikamba, akajifuta macho, akabonyeza redio yeye mwenyewe: "Tuko na wewe baada ya dakika ishirini na tano. Kijana ameamua kukatisha safari nusu nusu." Kisha akaniambia nirudi futi 7,500, nishike 154, na nisiguse kitu kingine.

Tulitua salama, na kutua kwenyewe, kama mtu anajali, kulikuwa kuzuri. Tembo walikuwapo, na mlima ulikuwa na ukubwa wake wa picha. Yule rubani wa redioni, mwenye ndege ya Caravan, alikuja kunisalimu kwa mikono miwili, kama mtu anayempokea mgeni aliyekwama njiani siku tatu.

Kapteni alitandaza ramani yangu juu ya bawa la nyuma, chini ya jua kali, akatoa penseli. Hakugusa rula. "Soma pembeni," akasema. Wilson iko dakika 19 kusini ya mstari wa nyuzi 1. Amboseli, dakika 39 kusini ya mstari wa nyuzi 2. "Kutoka moja na kumi na tisa hadi mbili na thelathini na tisa ni dakika ngapi?"

"Themanini."

"Dakika moja ya latitudo ni nini?"

Maili moja ya baharini. Hilo nilikuwa nimelijibu vizuri kwenye mtihani. Maili 80 kwenda kusini tu, kabla hata hujasogea mashariki, na mimi nilikuwa nimezitosheleza kwa 42. Nilikuwa nimepima kwa ukingo wa nusu milioni.

"Kapteni, ulijua tangu lini?"

"Tangu uliponibishia kuhusu mafuta."

Kurudi nilipanga upya papo hapo, kwa ukingo wa milioni, na reli ya Magadi niliivuka ikiwa mahali pake. Kapteni alisinzia, au alijifanya. Simu nilipoiwasha Wilson ilikuwa na simu saba za mama. Majirani walikuwa wamekaa nje tangu asubuhi wakingoja kusikia kama nimefika.

Lakini habari zilikuwa zimenitangulia. Yule wa Caravan ana rafiki kila mahali. Nilipoingia kibanda cha chai nyuma ya gereji za ndege, niliagiza chai na andazi. Mama wa kibanda akachukua kisu, akakata andazi katikati, akaniwekea kipande kimoja kwenye sahani na kunidai bei ya zima.

"Mama, hii ni nusu."

"Geuza rula, mwanangu," akasema. "Utaona ni zima."