Kabini zinakata asilimia, lakini noti zinatoka wapi?

Hasira ya watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, juu ya wenye kabini, yaani meza za mawakala wa kuweka na kutoa pesa za simu, haishangazi. Mshahara unaingia kwenye simu, ujumbe unafika, halafu ukienda kuutoa unaambiwa kuna asilimia ya kumwachia mwenye kabini, juu ya ile ambayo kampuni ya simu imeshakata. Ukikataa, anasema hana kitu, jaribu kwingine. Jirani yake naye hana kitu. Ukirudi umekubali, noti zinatoka chini ya meza. Wengi wanauita wizi, na wanataka wakubwa wa mji wapige marufuku asilimia hiyo, atakayeendelea afungiwe kabini. Malalamiko yao kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Ila dawa wanayoidai itaongeza ugonjwa, na lawama imewaangukia watu wanaobeba mzigo ambao hakuna mwingine aliyekubali kuubeba.

Mwanzo wake kila mmoja anaujua. Mwisho wa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, mabenki yakafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Aprili wenye mamlaka mapya wakafungua tena CADECO, benki ya akiba ya serikali, lakini sanduku la akiba lisilo na Benki Kuu nyuma yake haliwezi kuujaza mji noti. Kilichobaki kwa mtu wa kawaida ni meza, mwavuli, simu mbili tatu na kijana aliyekaa nyuma yake.

Kijana huyo ana mifuko miwili: pesa iliyo ndani ya simu na noti zilizo kwenye kisanduku. Mteja akija kutoa, simu inajaa na kisanduku kinapungua. Mteja akija kuweka, inakuwa kinyume. Zamani mizani ikiinama upande mmoja, alikwenda benki au kwa wakala mkubwa kuisawazisha, na kesho yake akaanza upya. Sasa mizani imeinama upande mmoja tu. Mishahara inaingia kwa simu, misaada ya mashirika inaingia kwa simu, na pesa za ndugu walioko Kinshasa, Kampala au Ubelgiji vilevile. Hakuna noti hata moja inayoingia pamoja nazo. Saa nne asubuhi kisanduku kimekwisha, simu imejaa, na foleni bado ndefu.

Noti atakazotafuta baada ya hapo zina bei. Anaweza kwenda mtaa wa biashara wa Birere kwa wafanyabiashara ambao bado wanauza kwa noti: wanampa noti, anawatumia kwa simu, nao wanataka chao. Anaweza pia kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kama yeye au mwenzake ana akaunti upande ule. Lakini kwanza pesa ya simu ya Kongo igeuzwe iwe pesa inayotambulika Rwanda, kisha faranga za Rwanda zipitie kwa kambisti, mbadilisha fedha wa mtaani, ziwe dola, na kila hatua kuna anayekata. Baada ya hayo arudi nazo mfukoni kupitia kituo cha mpakani cha Petite Barrière, katika mji ambao wafungwa wa gereza la Munzenze walitoroka katika siku zilezile za vita na silaha zikabaki mitaani. Akinyang'anywa njiani, hakuna bima wala kampuni itakayomrudishia. Tuseme noti za dola 1,000 zimemgharimu dola 25 kuzipata na kuzifikisha mtaani kwake Ndosho. Akizitoa kwa bei iliyoandikwa kwenye bango la kampuni, amekula hasara. Mara moja atafanya hivyo kwa kukuonea huruma. Mara ya pili atakunja mwavuli arudi nyumbani.

Niwape haki yao wanaolalamika, maana hawajatunga maumivu yao. Mwalimu aliyepokea faranga 300,000, akikatwa 4 kwa 100, ameacha 12,000 mezani. Kwa mwezi wa siku 25 za kazi, hiyo ni siku moja nzima aliyofundisha bure. Halafu wapo wanaoficha noti makusudi siku za mshahara, wakisubiri foleni irefuke ndipo wapandishe bei. Hao sina la kuwatetea. Na kuna walioumia kuliko mwalimu. Februari 2025 watu wa kambi za wakimbizi wa vita za Bulengo na Lushagala waliambiwa wawe wameondoka ndani ya saa 72. Aliyekuwa na msaada kwenye simu alijua kwamba kijijini Masisi asingempata wa kumbadilishia. Ilibidi autoe wote Goma kabla ya kupanda gari, kwa bei yoyote aliyotajiwa. Mtu katika hali hiyo hana nafasi ya kupatana bei, na anayemkamua anajua hivyo.

Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba bei inaumiza, na hilo hatubishani. Swali ni kama bei itashuka kwa amri. Zimbabwe walijaribu. Mwaka 2019 noti zilikuwa haba kiasi kwamba baadhi ya mawakala walikuwa wanakata hadi nusu ya pesa ya mteja na kuzidi. Mwisho wa Septemba Benki Kuu yao ikapiga marufuku, mara moja, kutoa na kuweka pesa kwa mawakala wa simu. Hazikupita siku nyingi ikalegeza na kuruhusu kutoa kiasi kidogo. Sudan nako, tangu vita vilipoanza Aprili 2023, watu wanaishi kwa programu ya benki iitwayo Bankak, na anayetaka kugeuza salio lake kuwa noti anakatwa asilimia. Ikiwa watu wa Harare, wa miji ya Sudan na wa Goma, pasipo kujuana, wameangukia desturi moja, siwezi kukubali kwamba chanzo ni tabia mbaya ya vijana wa Ndosho na Majengo. Pesa ya aina mbili ikiwa na jina moja, na moja ikawa adimu, ile adimu itauzwa ghali. Ukikataza isiuzwe mbele ya watu, itauzwa chumbani, kwa wanaojuana, na mama asiyejuana na mtu atakosa kabisa.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ya asilimia ya kabini ni hali ya noti zenyewe, na sioni likizungumzwa inavyostahili. Benki Kuu, pamoja na kutoa noti mpya, ina kazi ya kuziondoa zilizochoka. Kazi hiyo hapa imesimama. Noti ya faranga 500 iliyokuwa mjini Januari 2025 ndiyo hiyohiyo inayozunguka: kutoka kwa motari, dereva wa pikipiki, hadi kwa mama wa samaki pale Kituku, kwenye maji na magamba, kisha kwenye fundo la kitenge, kisha kwenye kiganja cha mtoto aliyetumwa chumvi. Ninayo moja hapa. Imekatika katikati ikaungwa kwa skochi, namba ya upande mmoja haisomeki, na imelainika kama kitambaa cha jikoni. Aliyenipa ameipokea kwa mtu, na aliyempa naye vivyo hivyo, hadi siku atakapotokea wa kuikataa, na huyo atakayekuwa ameishika siku hiyo ndiye atakayelipa kwa niaba ya wote.

Noti ndogo zinakufa kwanza, kwa sababu ndizo zinazopita mikono mingi. Ile ya 20,000, kubwa kuliko zote tulizo nazo, inalala chini ya godoro na kubaki safi. Sasa fikiria kitu cha faranga 700. Mnunuzi ana 1,000, muuzaji hana 300 za kurudisha. Ama mnunuzi anaondoka mikono mitupu, ama anapewa kitu ambacho hakukitaka, ama kuanzia kesho bei inakuwa 1,000 na hairudi chini tena. Mia tatu juu ya mia saba ni zaidi ya asilimia 42. Sisemi kila kitu kimepanda hivyo. Nasema pale chenji inapokosekana, hicho ndicho kiasi kinachomtoka mnunuzi, na hakitajwi kwenye bango lolote. Tunagombana kwa sauti juu ya 4 ya kabini, inayokatwa mara moja kwa mwezi, na ile 42 inapita kimya kwenye kopo la unga, fungu la nyanya na mafuta ya kupimwa. Na anayenunua kwa vipimo hivyo ni yule ambaye hajawahi kuwa na mshahara wa kukatwa kwenye simu. Mwenye kununua gunia zima haimgusi.

Dola nazo zina shida yake. Kongo nzima noti ya dola yenye mpasuko mdogo pembeni hukataliwa, na hilo si la leo. Lakini mji ukikosa dola mpya, zile za zamani zinapasuka moja baada ya nyingine, na kambisti anazinunua kwa bei ya chini. Ndiyo maana mwenye kabini anaigeuza noti yako juani na kupapasa kila pembe. Tunamwona mkorofi. Anajua tu kwamba akiteleza katika noti moja ya dola 20, faida yake ya siku nzima imekwenda.

Wako wanaosema basi tuachane na karatasi, tulipane kwa simu moja kwa moja. Mfano wao ni Somalia, ambako shilingi haikuchapishwa rasmi tena tangu serikali ilipoanguka mwaka 1991, na leo watu wanalipana dola kwa simu hata kwa vitu vidogo. Ni hoja nzuri, na kwa biashara za ndani ya mji ningependa tuifuate. Kampuni za simu zingefuta ada ya kutumiana viwango vidogo, maduka mengi ya Birere na Katindo yasingehitaji noti. Lakini Goma inalishwa na mashamba. Anayeleta maharagwe kutoka Rutshuru au viazi kutoka Masisi anarudi mahali ambapo mtandao unashikika kilimani na kabini hakuna. Anataka noti mkononi, na ana haki. Mama wa soko anayemlipa mkulima huyo kwa noti hawezi kukubali simu kwa wateja wake wote, la sivyo jioni naye atajikuta kwenye foleni ya kabini.

Kwa hiyo kelele zetu zielekee kwa wanaoweza kuleta noti. Pande mbili zinazopigana, serikali ya Kinshasa na AFC/M23, huenda zikasema haziwezi kushirikiana katika jambo la pesa kwa sababu pesa ni mamlaka. Nawaelewa kwa kiasi fulani: Kinshasa haitaki kuleta masanduku ya faranga mahali ambapo mpinzani wake anaweza kuyachukua. Lakini tazama yaliyowezekana. Kuanzia mwisho wa Aprili 2025, Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu lilisindikiza mamia ya askari na polisi walionyang'anywa silaha, pamoja na familia zao, kutoka Goma hadi Kinshasa, kwa makubaliano ya pande zote. Mwaka huohuo wanafunzi wa Goma na Bukavu walifanya mtihani wa taifa, kwa maswali yaliyotungwa Kinshasa. Ikiwa askari wameweza kupita mstari wa vita wakitoka, na mtihani ukapita ukiingia, basi yawezekana kukubaliana juu ya noti: mpya ziingie na zilizochoka zitoke kwa hesabu ileile, chini ya macho ya mtu wa tatu, bila upande wowote kupata faranga ya ziada. Hakuna anayetajirika kwa kubadilishana hivyo. Na waanze na zile za 200, 500 na 1,000, kabla ya kufikiria kubwa.